Chanda Kingine

Saa nne usiku umeme wa Wete unarudi,
simu inaamka kabla yangu mie.
"Kipini hicho bei gani?"
"Mwisho ngapi, dada?"
"Vikuku vya mtoto vipo?"
Na mmoja, tangu juzi, ananiletea vidole gumba,
havinunui, havisemi, vimesimama tu.

Mie Mwanaharusi binti Shaame
nauza fedha nipate fedha.
Lugha yetu ilikwisha kuipiga hesabu hiyo
kabla sijazaliwa, wala haikuniachia faida.

Benchi ni la baba. Fuawe ni lake,
tindo saba, na ya nane aliyoivunja kwa hasira
siku sonara wa Mkoani alipomwita mfua mabati.
Hakunifundisha. Nilikuwa nikimshikia taa,
na mshika taa huona zaidi ya mwenye kazi.

Picha ya kwanza niliipiga kiganjani mwangu.
Pete ilikuwa nzuri. Nilikesha nayo siku tatu,
uzi wa fedha mwembamba kama udevu wa mahindi
umesukwa mara mbili, ukazungushwa, ukatiwa lehemu
bila ya kuacha kovu.
Mtu akaandika: "Pete sawa. Huo mkono, subhanallah, umeungua?"
Wakacheka kumi na wanne. Niliwahesabu.

Ndipo nikaukodi mkono wa Biubwa,
binti wa kaka yangu, chuo hakijafunguliwa,
vidole virefu visivyojua kumenya muhogo.
Namlipa kwa vocha. Piko mpaka kwenye kifundo,
anaulaza mkono juu ya jamvi la karafuu la jirani
(Bi Time anapiga kelele: "Mnanikanyagia mali!")
na mwangaza wa saa kumi na moja unamaliza kazi iliyobaki.

Tangu hapo wananunua.
Maskati, Mombasa, na mmoja wa Norwei
aliyetaka kujua kama fedha itanukia karafuu.
Nikamwambia itanukia siku nne, kisha itakunukia wewe.
Akachukua mbili.

Chanda chema huvikwa pete.
Haya, nimekubali.
Lakini aliyesema hakukitaja
chanda kilichoifua,
ukucha umekufa, ncha imekuwa ngumu kama soli
hata kioo cha simu hakinitambui,
nabonyeza mara tatu, mara nne
kuandika "Ahsante, karibu tena."

Juzi kikuku kimerudi.
Miezi miwili safarini, muhuri juu ya muhuri,
ushuru nimelipa mie, kwa mali yangu mwenyewe.
Mteja alijipima kwa uzi,
akasahau kuwa uzi huvutika, mfupa hauvutiki.
"Hakinienei," ameandika. "Na kwenye picha
kilikaa vizuri sana."
Kilikaa kwa Biubwa. Ningemjibu nini?

Nikafunga mlango. Nikakivaa.
Kikaingia bila ya mafuta, kikatua juu ya kovu la mwaka juzi
kama kilichotumwa.
Nikauinua mkono kwenye balbu, nikaugeuza,
nikaugeuza tena.

Kwa muda wa chai kupoa, nilikuwa mteja.

Kisha nikakivua. Mizani ikasema gramu thelathini na moja,
na kodi ya chumba haijui mapenzi.
Fedha haina kinyongo:
itie motoni, itasahau ilikuwa ya nani.
Nikawasha moto. Simu ikalia.
"Mwisho ngapi?" Hata hakusema cha nini.
Nikabonyeza mara tatu, mara nne,
chanda kikakataa,
moto unaningoja, kikuku kimo kwenye koleo
na bado kina joto langu.